Bluetooth ya gari inasumbua kwenye simu: soma dalili kabla ya kufuta kila kitu

Bluetooth ya gari ikianza kusumbua, wengi hukimbilia dawa moja: kufuta kila kitu na kuoanisha upya, yaani kuzitambulisha tena simu na gari. Wakati mwingine inasaidia, ndiyo maana imezoeleka. Shida ni pale isiposaidia. Unabaki na tatizo lilelile, na dalili ambazo zingekuonyesha chanzo umeshazivuruga. Simu inayosikika vizuri kwenye spika lakini mwenzako hakusikii ina ugonjwa wake. Simu inayocheza muziki bila wasiwasi kisha ikigoma kupokea mazungumzo ina ugonjwa mwingine. Ukishajua kuutofautisha huu na ule, kazi iliyobaki mara nyingi ni ya dakika chache.

Ndani ya muunganisho mmoja wa Bluetooth mna njia kadhaa, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza hubeba mazungumzo, sauti ikienda na kurudi. Ya pili hubeba muziki, na huenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kwenda kwenye redio, wala haihusiani kabisa na maiki. Kuna ya vitufe vya kwenye usukani na majina ya nyimbo, kuna ya kuvuta orodha ya majina na namba zako, na kuna ya ujumbe mfupi. Redio nyingine huziandika kwa vifupisho: HFP ni simu, A2DP ni muziki, AVRCP ni vitufe, PBAP ni majina, MAP ni ujumbe. Njia moja inaweza kuzimwa au kuharibika huku nyingine zikifanya kazi. Kwa hiyo kusema "Bluetooth imekufa" hakumsaidii mtu. Sema nini kinafanya kazi na nini hakifanyi.

Majaribio matatu kabla ya kugusa mipangilio

Fanya haya yote gari likiwa limesimama mahali salama. Mbali na suala la usalama, magari mengi hukataa kuoanisha simu gari likiwa kwenye mwendo, na mtu asiyejua hilo atadhani mfumo umeharibika.

Jaribio la kwanza ni kuhamisha sauti katikati ya mazungumzo. Piga simu kwa mtu unayemfahamu, muunganike kupitia gari, kisha tazama skrini ya simu yako. Kuna alama ya spika au ya Bluetooth. Iguse, utaona orodha fupi: simu yenyewe, spika ya simu, na jina la gari. Chagua simu yenyewe, endelea kuongea ukiwa umeiweka sikioni. Kama sauti bado inakatikatika au mwenzako bado hakusikii, achana na gari. Tatizo ni mtandao au simu yako. Kama sauti imenyooka papo hapo, lawama inarudi kwenye gari au kwenye kiungo kati ya gari na simu.

La pili: unganisha simu nyingine kwenye gari hilohilo, ikiwezekana ya aina tofauti na yako. La tatu: unganisha simu yako kwenye kifaa kingine chenye maiki, iwe vifaa vya masikioni au gari la jirani, upige simu. Majaribio haya mawili yakiungana yanakupa jibu ambalo hakuna menyu itakayokupa. Simu zote zikisumbua kwenye gari lako, chunguza gari. Simu yako ikisumbua kila mahali, chunguza simu. Kila kimoja kikifanya kazi na wengine lakini viwili hivi vikishindwana, basi ni suala la kumbukumbu za kuoanisha au programu zisizopatana, na hapo ndipo kufuta na kuoanisha upya kunapofaa.

Gari halionekani kwenye simu

Anza na jambo la wazi: je, gari lina Bluetooth ya simu? Kitufe chenye picha ya simu kwenye usukani si ushahidi. Watengenezaji hutumia usukani uleule kwa matoleo mengi ya gari, na matoleo ya bei ya chini huweza kuwa na kitufe bila kifaa nyuma yake. Vilevile yapo magari ya zamani yenye Bluetooth ya mazungumzo pekee. Ukijaribu kucheza muziki hapo utahangaika bure, kwa sababu njia ya muziki haikuwekwa tangu kiwandani.

Kama ipo, hakikisha gari lenyewe liko tayari kuonekana. Redio nyingi hujitangaza kwa dakika mbili au tatu tu baada ya kuchagua "ongeza simu" au "oanisha kifaa", kisha zinajificha. Na simu pia huonekana wakati ukurasa wake wa Bluetooth uko wazi kwenye skrini. Fungua kurasa zote mbili kwa wakati mmoja.

Kikwazo kinachosahaulika ni orodha ya gari kujaa. Mifumo mingi huhifadhi simu kati ya 5 na 10, na ikijaa, mingine hukataa mpya bila kueleza sababu. Gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa huwa limejaa majina ya simu ambazo hutaziona tena. Zifute.

Kuna pia simu nyingine kushika nafasi. Ya mwenzako aliyekaa kiti cha nyuma, au iliyo sebuleni hatua chache kutoka gari lilipoegeshwa. Bluetooth ya simu hufika takriban mita 10, na gari hujiunga na simu inayoijua kabla hujamaliza kufunga mkanda. Zima Bluetooth ya simu hizo kwanza.

Gari likiomba namba ya siri, jaribu 0000 au 1234, au tazama kitabu cha gari. Hiyo ni dalili ya mfumo wa zamani. Tangu toleo la 2.1 la Bluetooth lililotoka mwaka 2007, vifaa huonyesha tarakimu sita pande zote mbili na wewe unathibitisha kwamba zinafanana. Thibitisha upande wa simu na upande wa gari pia. Watu hugusa simu, wakasahau skrini ya gari, na muda ukaisha.

Ilikuwa inajiunga yenyewe, sasa haijiungi

Wakati wa kuoanisha, simu na gari hutengeneza ufunguo wa siri na kila kimoja huweka nakala yake. Ukifuta upande mmoja tu, upande wa pili unabaki na ufunguo usiofungua kitu. Matokeo yake ni ule ujumbe wa "imeshindwa kuunganisha" unaojirudia hata ukijaribu mara ngapi. Hali hii huweza kutokea pia baada ya kusasisha programu ya simu, au betri ya gari ikichomolewa kwa matengenezo na redio kupoteza kumbukumbu.

Hapa ndipo kufuta kunastahili, na kufanywe kwa ukamilifu. Kwenye simu, ingia Mipangilio, fungua vifaa vilivyooanishwa, chagua gari, uliondoe. Kwenye gari, nenda kwenye orodha ya simu, uifute yako. Zima simu kabisa. Zima gari, fungua mlango wa dereva, uufunge, usubiri dakika kadhaa. Mlango una maana: redio nyingi huendelea kuwaka baada ya switchi kuzimwa mpaka mlango ufunguliwe, na hata skrini ikizimika, kompyuta ya ndani huchukua muda kulala. Kisha washa vyote, uoanishe ukianzia upande wa gari. Simu itakuuliza kama unaruhusu gari kuona majina na historia ya simu. Jibu hilo lina athari baadaye, kwa hiyo usiligonge haraka ili tu liondoke.

Kama kuoanisha upya kunatibu kwa siku moja kisha tatizo linarudi, usirudie tiba hiyohiyo. Tazama kiokoa betri cha simu. Baadhi ya simu hubana huduma za chinichini betri ikipungua. Kwenye Android unaweza pia kufuta kache ya programu ya Bluetooth, inayopatikana kwenye orodha ya programu ukionyesha na zile za mfumo. Hatua kubwa zaidi ni kurejesha mipangilio ya mtandao. Hiyo itafuta manenosiri yote ya Wi-Fi na vifaa vyote vya Bluetooth, basi andika kwanza unayoyahitaji.

Jina la simu nalo liangalie. Mifumo ya zamani hukwama kwenye emoji na alama zisizo za kawaida. Ipe simu jina fupi la herufi za kawaida, ujaribu tena.

Inaungana kisha inakatika

Swali la kujiuliza ni: inakatika lini? Ikikatika kila unapopita sehemu ileile ya barabara, ni mtandao. Ikikatika gari likipita kwenye tuta au shimo, kuna waya au soketi iliyolegea nyuma ya redio, hasa kama redio iliwekwa baadaye. Ikikatika baada ya safari ya muda mrefu juani na ikarudi vizuri asubuhi, shuku joto. Redio au simu yenyewe inapata moto na kujipunguza. Ikikatika unapopokea simu tu huku muziki ukiwa salama, njia ya mazungumzo ndiyo inayoshindwa kufunguka, na hilo huelekeza kwenye programu ya redio au ya simu.

Watu hulaumu sana mwingiliano wa mawimbi. Upo, lakini si mshukiwa wa kwanza. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi nyingi, ila haikai kwenye masafa mamoja: ile inayobeba sauti ya simu huruka kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 hujifunza kuikwepa mikondo yenye fujo. Kinachoweza kuishinda ni kelele iliyo karibu sana. Chaja duni ya kwenye soketi ya sigara, kamera ya dashibodi, au kifaa cha USB 3.0 kilicho sentimita chache kutoka kwenye simu. Chomoa vyote, uendeshe bila kitu, halafu urudishe kimoja kimoja. Na simu iliyo mfuko wa nyuma, umeikalia, inapoteza nguvu nyingi, maana mwili umejaa maji na maji hunyonya masafa hayo.

Kama una saa janja au vifaa vya masikioni vilivyowaka ndani ya begi, navyo vinagombea simu hiyohiyo. Mazungumzo hayakukatika, yamehamia kwenye begi. Tazama ile orodha ya skrini wakati wa simu, utaona yameenda wapi.

Wewe unasikia, mwenzako hakusikii

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalopotezewa muda mwingi kwa kufuta na kuoanisha. Ukitafakari, kuoanisha hakuna nafasi kubwa hapa: njia ya mazungumzo imeshafunguka, nusu yake inafanya kazi. Kilichobaki ni maiki na safari ya sauti yako kutoka mdomoni.

Kwanza hakikisha hujazima maiki. Kitufe hicho huwa kwenye usukani au kwenye skrini ya simu, na kidole hukigusa bila kujua.

Pili, ijue maiki ilipo. Kwenye magari yaliyokuja nayo kutoka kiwandani, mara nyingi iko darini karibu na taa ya ndani, kwenye kioo cha kutazamia nyuma, au juu ya nguzo ya usukani. Utaona kijisahani cha plastiki chenye vitundu vidogo vilivyopangwa kwa safu. Vimulike kwa tochi. Mara nyingi utakuta vumbi limeganda pamoja na dawa ya kung'arishia plastiki, maana anayesafisha gari hupulizia dari na dashibodi bila kujua kwamba kuna sikio hapo. Tumia brashi laini iliyo kavu. Usichokonoe kwa sindano, wala usipulize hewa ya kompresa. Kiwambo cha ndani ni chembamba mno.

Tatu, tumia amri za sauti kama gari linazo. Kwa kawaida zinategemea maiki hiyohiyo. Ukibonyeza kitufe cha amri za sauti na gari likakuelewa, maiki ni nzima, na tatizo liko kati ya redio na simu. Gari likisema halijasikia kitu hata ukipaza sauti, maiki au waya wake ndio wenye kosa. Huu ni uchunguzi bora kuliko kumpigia ndugu yako simu kumi.

Redio iliyowekwa baadaye ina hadithi yake. Nyingi huwa na kitundu cha maiki kwenye uso wa mbele, kimeandikwa MIC, na pia tundu la nyuma la kuchomeka maiki ya nje. Maiki ya usoni iko mbali na mdomo wa dereva na imezungukwa na kelele za dashibodi, kwa hiyo mwenzako atakuambia unasikika kwa mbali. Ya nje ni bora, lakini inategemea ilivyofungwa. Nimeona zilizofichwa nyuma ya usukani, zilizobandikwa mbele ya tundu la kiyoyozi, hata zilizoachwa ndani ya dashibodi pamoja na nyaya. Mahali pazuri ni juu ya nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, au darini karibu na kinga jua, kitundu kikielekea mdomoni. Waya upite mbali na nyaya za umeme mkubwa. Hakikisha pia plagi imeingia hadi mwisho. Ikiwa nusu, utasikika kwa mkwaruzo au hutasikika kabisa. Kama fundi alitoa redio ya kiwandani na kuacha maiki ya zamani darini, usidhani inatumika. Maiki nyingi za kiwandani huhitaji umeme kutoka kwenye redio yake, na redio mpya huenda haiutoi.

Nne, hewa. Feni ya kiyoyozi ikiwa juu na imeelekezwa kwenye kioo cha mbele, upepo hupiga dari na kuingia kwenye maiki. Mwenzako anasikia mvumo, wewe husikii kitu. Punguza feni, geuza matundu, funga vioo, umuulize tena.

Kuhusu ubora wa sauti, weka matarajio sawa. Sauti ya simu kwenye Bluetooth haiwezi kuwa kama ya muziki. Mifumo ya zamani huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na ndiyo maana "s" na "f" zinafanana. Kuanzia HFP 1.6 ya mwaka 2011 ilikuja sauti pana ya sampuli 16,000, lakini inahitaji gari, simu na mtandao wote wakubaliane. Mmoja akikosa, mnarudi kwenye ile nyembamba. Hilo si kosa la kutengeneza.

Mwangwi

Mwenzako akisema anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, kosa liko kwenye gari lako. Wewe ukisikia sauti yako ikirudi, kosa liko kwake. Watu huligeuza hili na kuanza kubadili mipangilio ya upande usiohusika.

Sababu ni hii: sauti yake inatoka kwenye spika zako, inajaa ndani ya gari, maiki inaidaka na kuirudisha kwake. Gari lina programu ya kuifuta. Linajua sauti iliyotumwa kwenye spika, kwa hiyo linaitoa kwenye kile maiki ilichosikia. Programu hiyo hushindwa spika zikiwa juu mno. Basi hatua ya kwanza ni kupunguza sauti ya gari wakati wa simu, na hatua ya pili ni kutafuta kwenye menyu ya redio kiwango cha maiki na kukishusha. Wengi hukipandisha wakidhani watasikika vizuri zaidi, na wanazaa mwangwi.

Kama gari lina amplifaya ya nje au kifaa cha kupanga sauti kilichoongezwa baada ya redio, hapo pana mtego. Vifaa hivyo hubadilisha sauti na kuichelewesha kidogo kabla haijafika kwenye spika. Sauti inayosikika haifanani tena na ile ambayo redio inadhani imetuma, na programu ya kufuta mwangwi inakosa shabaha. Zima ucheleweshaji na madoido wakati wa simu, au umwombe aliyefunga mfumo aelekeze mazungumzo kwenye spika moja ya mbele.

Mwenzako anakusikia, wewe husikii

Mara nyingi ni kiwango cha sauti. Redio nyingi zina viwango tofauti vya muziki, mlio wa simu, mazungumzo na maelekezo ya njia. Kupandisha muziki hadi mwisho hakugusi mazungumzo. Unapaswa kuzungusha kitufe ukiwa ndani ya simu, mtu akiwa anaongea. Pandisha na upande wa simu pia.

Kama kiwango kiko sawa, tazama sauti imeelekezwa wapi. Ukipokea kwa kugusa skrini ya simu badala ya kitufe cha usukani, baadhi ya simu huchukulia kwamba unataka kuongea nayo sikioni. Kwenye iPhone upo mpangilio wa kuelekeza sauti za simu, ndani ya sehemu ya ufikivu, kwenye ukurasa wa mguso. Kwenye Android, gusa alama ya mipangilio pembeni ya jina la gari uone kama swichi ya "Simu" imewashwa. Ikiwa imezimwa na ya sauti ya maudhui imewashwa, utapata muziki bila mazungumzo, hali ambayo wengi huidhania ubovu mkubwa.

Simu za WhatsApp na programu nyingine

Gari hupokea simu ya kawaida vizuri, lakini ya WhatsApp inabaki kwenye simu au inaingia bila jina. Hapa kinachohusika ni jinsi programu inavyojitambulisha kwa mfumo wa simu yako. Mifumo mipya ya iPhone na Android huziruhusu programu hizi kuonekana kama simu za kawaida, ila redio za zamani hazijui namna ya kuzishughulikia. Sasisha programu, ipe ruhusa ya maiki na ya vifaa vilivyo karibu, na ukipokea, chagua jina la gari mwenyewe kwenye ile alama ya spika. Kitufe cha kukata kwenye usukani kisipofanya kazi kwa simu hizi, zoea tu kwamba gari hilo halitaweza.

Majina hayaji

Ruhusa ya majina ilikataliwa siku ya kuoanisha. Iwashe kwenye ukurasa wa gari ndani ya mipangilio ya Bluetooth. Majina yaliyo kwenye laini huenda yasivutwe, yahamishie kwenye simu au akaunti yako. Mifumo mingine ina ukomo, na majina ya ziada yanaachwa nje. Jina likiwepo lakini anayepiga akionekana kwa namba tupu, huenda umeihifadhi bila msimbo wa nchi wakati mtandao unaituma ikiwa nao. Ihifadhi ikianza na alama ya kujumlisha.

Gari linapotumia Android Auto au CarPlay

Hii ni mifumo inayoonyesha programu za simu yako kwenye skrini ya gari: Android Auto kwa simu za Android, CarPlay kwa iPhone. Hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu kebo imechomekwa na bado simu zinasumbua. Kwenye Android Auto, mazungumzo hupita kwenye Bluetooth hata kama umeunganisha kwa kebo. Ukizima Bluetooth, ramani na muziki vitaendelea lakini simu hazitapita kwenye gari. CarPlay ya kebo ni tofauti, sauti ya simu hupita kwenye kebo yenyewe, hivyo kebo mbovu huleta simu mbovu. CarPlay isiyo na waya huanza kwa Bluetooth kisha huhamia kwenye Wi-Fi, na ukiona Bluetooth ya gari imejitoa baada ya hapo, usiirudishe kwa nguvu. Ukizima Wi-Fi ya simu, umeizima na CarPlay.

Mluzi, mkwaruzo na betri inayoisha

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta hautoki kwenye Bluetooth. Ni umeme wa alternata unaoingia kwenye nyaya za sauti, kwa kawaida kwa sababu ya aithi mbovu au chaja iliyochomekwa pamoja na waya wa AUX. Vifaa vya kurushia sauti kwenye redio ya FM navyo huleta mkwaruzo pale stesheni ya redio inapotumia masafa yaleyale. Tafuta masafa matupu, na ujue kwamba ukisafiri yatajaa tena.

Dalili moja inastahili uzito zaidi: mfumo wa simu haujibu, na asubuhi betri ya gari imekufa. Kifaa cha Bluetooth kilichoharibika huweza kukataa kulala na kunyonya umeme usiku kucha. Gari lililolala kabisa kwa kawaida hutumia chini ya miliampia 50. Fundi huweka ampimita kwenye waya hasi wa betri, anasubiri nusu saa au zaidi kompyuta zote zilale, kisha anachomoa fyuzi moja moja. Matumizi yakishuka ghafla fyuzi ya simu au redio ilipotoka, mmepata mwizi. Usiwashe gari ampimita ikiwa imefungwa hivyo, itaungua.

Kabla ya kumpelekea fundi

Jaribu kuwasha upya redio yenyewe. Nyingi hujiwasha upya ukishikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 au zaidi, na hilo halifuti kitu. Lisiposaidia, chomoa fyuzi ya redio kwa dakika kadhaa. Kuchomoa betri ni hatua ya baadaye, na kabla ya kufanya hivyo hakikisha una namba ya siri ya redio, kwa sababu baadhi hujifunga umeme ukikatika na hazifunguki bila namba hiyo.

Ukifika kwa fundi, mpe matokeo ya majaribio. Mwambie simu ngapi zimejaribiwa, kama amri za sauti zinasikika, kama muziki unapita, na kama tatizo lilianza baada ya kazi fulani kwenye gari. Akitaka kubadilisha redio nzima kwa sababu husikiki, mwombe kwanza achomeke maiki nyingine anayojua ni nzima na apime waya wake hadi kwenye redio. Na ikithibitika kwamba kifaa cha ndani kimekufa na kipya hakipatikani, vipo vipaza sauti vidogo vya Bluetooth vinavyobanwa kwenye kinga jua, vyenye maiki na betri yake, visivyohitaji waya wowote wa gari. Kwa mazungumzo pekee, vingi kati ya hivyo vinasikika vizuri kuliko mfumo wa zamani uliokuwa ukihangaika nao.